Katazo la Simu za Mkononi Shuleni na Kazi Inayombakia Mwalimu

Walimu wanafunzi warudipo chuoni kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha huja na maswali mengi ambayo hayamo katika vitabu vya saikolojia ya elimu. Swali moja ambalo siku hizi halikosekani ni hili: mwanafunzi amekutwa na simu ya mkononi, je, mwalimu afanyeje? Aghalabu swali hili huulizwa kana kwamba ni la nidhamu peke yake, na kana kwamba jibu lake limekwisha kuandikwa katika kanuni za shule. Sisi tunaona kwamba ni swali la ufundishaji pia. Katazo huiondoa simu mikononi mwa mtoto, lakini halitii kitu kingine mahali pake. Kitu hicho hutiwa na mwalimu, ama sivyo hakitiwi kabisa.

Katika makala haya tunakusudia kulitazama katazo lenyewe, kisha yaliyoonekana huko lilikopimwa, ndipo tufikie mambo yanayotuhusu sisi moja kwa moja, yaani maisha ya bweni, adhabu, na somo ambalo mwalimu anaweza kulifundisha bila ya simu hata moja darasani.

KATAZO LA KWETU NA KATAZO LA WENGINE

Wengi wetu husikia kwamba nchi kadha wa kadha zimekataza simu shuleni, wakadhani kwamba jambo hilo ni moja kila mahali. Sivyo. Nchini Ufaransa sheria ya mwaka 2010 ilikataza matumizi ya simu wakati wa masomo, na sheria ya tarehe 3 Agosti 2018 ikalipanua katazo hilo likawa la siku nzima ya shule kwa watoto wa shule za msingi na za kati, yaani hadi umri wa miaka 15 hivi. Uholanzi ilianza kuziondoa simu madarasani katika shule za sekondari Januari 2024. Brazili ilipitisha sheria yake Januari 2025. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba wakati huo nchi zenye katazo la namna hii, liwe la sheria au la mwongozo, hazikufikia robo ya nchi zote.

Katika nchi hizo mtoto huja shuleni asubuhi na simu yake, naye hurudi nayo nyumbani jioni. Katazo lao ni la saa sita au saba. Kwetu Tanzania habari ni nyingine. Maelekezo ya kujiunga na shule zetu za bweni huitaja simu pamoja na makosa yawezayo kumfukuzisha mwanafunzi, na mara nyingi kinachokatazwa si matumizi tu bali hata kumiliki, ndani na nje ya shule. Shule za bweni za Kenya nazo zina desturi kama hiyo. Mwanafunzi wa bweni aingiapo shuleni Januari hana simu hadi likizo. Kwa hiyo katazo letu haliondoi tu kishawishi cha darasani. Linakata pia njia ya mtoto kuzungumza na mama yake. Mwalimu asiyeitambua tofauti hii atachukua matokeo ya uchunguzi wa London na kuyabandika Songea, kisha atashangaa yasiposhikamana.

Makusudi ya katazo nayo si mamoja. Lipo kusudi la mtihani, na hili halina mjadala. Mwaka 2015 mitihani ya kidato cha nne nchini Kenya ilivuja vibaya, karatasi zikazagaa kwa njia ya simu, na watahiniwa zaidi ya 5,000 wakafutiwa matokeo yao. Mwaka uliofuata bodi ya baraza la mitihani la nchi hiyo ilivunjwa, na ziara za wazazi katika muhula wa tatu zikapigwa marufuku. Hapana mwalimu mwenye akili timamu atakayetetea simu katika chumba cha mtihani. Lakini chumba cha mtihani si darasa la Jumanne asubuhi, na darasa si bweni la Jumapili jioni. Tunapozichanganya sehemu hizi tatu chini ya kanuni moja yenye adhabu moja, tunapoteza uwezo wa kumweleza mwanafunzi sababu.

Mfano wa jiji la New York una mafunzo yake. Huko simu zilikatazwa kwa ukali tangu mwaka 2006, hata kubeba. Katazo lilishikwa sana katika shule zenye mitambo ya kugundua vyuma mlangoni, ambazo nyingi zilikuwa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Kwingineko walimu walifumba macho. Basi wakatokea wafanyabiashara wenye magari yaliyoegeshwa nje ya shule, wakawatunzia watoto simu kwa dola moja kwa siku. Mtoto wa maskini akawa analipia kanuni ambayo mwenzake wa mtaa wa matajiri hakuilipia chochote. Katazo hilo liliondolewa Machi 2015. Miaka kumi baadaye, mwaka 2025, serikali ya jimbo la New York ikalirudisha kwa siku nzima ya shule. Jambo la kujifunza hapa ni kwamba katazo lisilopangiwa mahali pa kuiweka simu huzaa biashara, na biashara hiyo humkamua mnyonge.

YALIYOPIMWA

Mwaka 2015 wachunguzi wawili, Louis-Philippe Beland na Richard Murphy, walitoa uchunguzi wao juu ya shule 91 za sekondari katika miji minne ya Uingereza: Birmingham, Leicester, London na Manchester. Walilinganisha matokeo ya mitihani kabla ya shule kukataza simu na baada yake. Waliona kwamba matokeo yalipanda. Walakini hayakupanda kwa wote sawasawa. Wanafunzi waliokuwa nyuma kabisa walinufaika zaidi ya mara mbili ya kiasi cha wastani, ilhali wale hodari hawakuonyesha badiliko lenye maana. Uchunguzi huu ndio unaotajwa mara nyingi na watetezi wa katazo, na aghalabu hutajwa nusu: husemwa kwamba alama zilipanda, lakini haisemwi ni za nani.

Mwaka 2020 wenzao wa Uswidi walirudia kazi hiyo katika nchi yao, wasione athari yoyote ya katazo juu ya alama. Kisha mwaka 2024 Sara Abrahamsson alichunguza shule za kati za Norwei, akaona kwamba palipokatazwa simu uonevu baina ya wanafunzi ulipungua, wasichana wakapunguza kwenda kwa waganga kwa ajili ya matatizo ya nafsi, na alama za wasichana zikapanda, hasa wale watokao katika jamaa zenye hali duni. Na mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitoa uchunguzi wa shule 30 zenye wanafunzi 1,227 wa umri wa miaka 12 hadi 15. Hapo ilionekana kwamba wanafunzi wa shule zenye katazo kali hawakuwa na afya bora ya nafsi kuliko wenzao wa shule zilizolegeza, na kwamba jumla ya muda waliotumia simu kwa siku haikuwa pungufu. Walichonyimwa mchana walikifidia usiku.

Msomaji atauliza: basi tumwamini nani? Kwa maoni yetu hawapingani kama inavyodhaniwa. Mmoja alipima alama, mwingine uonevu, mwingine hali ya moyo. Aidha wote walipima mabadiliko baada ya simu kuondoka, bila ya kuweza kupima kwa karibu ni kitu gani kiliingia mahali pake katika kila darasa. Sisi tunaelekea kuamini kwamba mwanafunzi dhaifu hunufaika zaidi kwa sababu yeye, akishavurugwa, hana njia ya kurudi. Mwanafunzi hodari akipotewa na sentensi moja ya mwalimu huijaza mwenyewe kwa yale ajuayo. Dhaifu akipotewa na sentensi moja amepotewa na kipindi. Kama fikira hii ni ya kweli, basi inatuhusu hata sisi ambao madarasa yetu hayana simu hata moja, maana darasa la wanafunzi 80, lenye vitabu visivyotosha na dirisha linalotazama barabara kuu, lina mambo mengi mengine ya kumpoteza mtoto.

BWENINI

Twende sasa mahali ambapo katazo letu hujaribiwa kwa kweli. Kila mwalimu aliyepata kuwa patroni au matroni anajua mahali simu zinapofichwa: katika mkate uliochimbwa katikati, chini ya unga wa sembe, juu ya dari, ndani ya kitabu kilichokatwa kurasa, hata kufukiwa katika shamba la shule. Anajua pia jinsi zinavyochajiwa, kwa waya za umeme zilizochunwa na kuunganishwa na taa ya bweni. Hatari ya moto hapa si ya kubuni, nayo peke yake ingetosha kumfanya mkuu wa shule asilale.

Simu iliyofichwa si sawa na simu iliyo wazi. Huwa ni mali adimu, na mali adimu hupangishwa. Mwenye nayo huwatoza wenzake kwa dakika au kwa usiku. Wengine hulipa kwa fedha, wengine kwa kumfulia, wengine kwa kumwandikia kazi zake za Fizikia. Hata ile ndogo ya vitufe, ambayo vijana huiita kitochi, hupata cheo bwenini ambacho haina mjini. Matokeo haya hayatajwi katika uchunguzi wa Ulaya kwa sababu huko hayapo. Sisi hatuna budi kuyahesabu kama sehemu ya athari za katazo, bila ya kuwa na maana kwamba katazo lifutwe.

Lipo jambo jingine ambalo walimu vijana hulipita kwa haraka. Tangu mwaka 2019 laini za simu Tanzania huandikishwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho hupewa mtu aliyetimiza miaka 18. Kwa hiyo, nyuma ya kila laini iliyokutwa kwa msichana wa kidato cha pili yuko mtu mzima aliyeweka kidole chake. Huenda ni baba, huenda ni dada, huenda ni mtu ambaye hana sababu njema ya kumpa simu mtoto wa miaka 15. Mwalimu anayeanza kwa fimbo hatapata kumjua mtu huyo kamwe. Msichana atanyamaza, maana sasa anawaogopa wawili. Shauri la namna hiyo ni la ulinzi wa mtoto kabla ya kuwa la nidhamu, na lapasa kushughulikiwa na mwalimu wa unasihi, faraghani, na msichana akiwa ameketi.

Kuhusu haja ya kuzungumza na nyumbani, twapendekeza hesabu ifanywe badala ya kulaumiana. Tuchukue shule ya bweni yenye wanafunzi 600. Tukimpa kila mmoja dakika tano kila baada ya wiki mbili, zitahitajika dakika 3,000, yaani saa 50. Kwa simu moja ya matroni jambo hili haliwezekani, ndiyo maana foleni huwa ndefu, ugomvi hutokea, na simu za siri huongezeka. Kwa simu nne za vitufe ni saa 12 na nusu katika wiki mbili, au saa sita na robo kila mwisho wa wiki, zikigawanywa Jumamosi alasiri na Jumapili. Simu nne, daftari moja, na viranja wanne wa kusimamia zamu. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya msako mmoja wa usiku ambao huwaamsha watoto wote na kuwafanya wasinzie darasani siku ya pili.

ADHABU

Katika shule kadhaa imekuwa desturi kuzivunja kwa nyundo au kuzichoma moto simu zilizokamatwa, mbele ya wanafunzi wote waliopangwa mistari. Tunasema wazi kwamba hatuipendi desturi hii. Simu nyingi kati ya hizo ni mali ya mzazi au ya ndugu, na huenda ilinunuliwa kwa mazao ya msimu mzima. Aidha, mwanafunzi asimamaye pale hajifunzi chochote juu ya usikivu au matumizi ya muda. Anajifunza kwamba mwenye nguvu huharibu. Simu iliyokamatwa yafaa iandikwe katika daftari, ifungiwe, na akabidhiwe mzazi kwa saini.

Ama kuhusu viboko, mwalimu wa Tanzania akumbuke kwamba kanuni za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya vinne, navyo hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kuandikwa katika kitabu. Mwalimu mwanafunzi aliye katika mazoezi hana ruhusa hiyo. Kenya iliondoa viboko mashuleni mwaka 2001. Wako walimu wasemao kwamba bila fimbo simu hazitakoma. Wanaosema hivyo wana fimbo, na simu hazijakoma.

Adhabu iliyo nzito kuliko zote ni kumfukuza mwanafunzi. Hapa twaomba wajumbe wa bodi za shule watulie kidogo. Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitoa waraka unaowaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurudi kuendelea na masomo. Taifa lililofungua mlango huo halikukusudia mlango mwingine ufunguliwe nyuma yake wa kuwatoa watoto kwa sababu ya kitochi kilichokutwa katika tranka. Aliyetumia simu kuiba mtihani, aliyepiga picha za aibu za mwenzake na kuzisambaza, huyo ametenda kosa ambalo lina jina lake, nalo lingekuwa kosa hata kama angelitenda bila ya simu. Lakini aliyempigia mama yake aliye mgonjwa hawezi kuwekwa kapu moja naye. Kanuni isiyoweza kuwatenganisha wawili hawa haijakamilika kuandikwa.

SOMO LA USIKIVU

Sasa tufikie kazi ya mwalimu darasani. Somo tunalolieleza hapa lafaa kwa kidato cha kwanza au cha pili, katika vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40. Shabaha yake ni mwanafunzi aone kwa kazi ya mkono wake mwenyewe kwamba akili inayorukaruka baina ya kazi mbili hulipa gharama, kisha aipime gharama hiyo. Zana ni karatasi, kalamu, ubao, na saa yenye mshale wa sekunde.

Mwalimu asianze kwa kutaja simu. Akianza nayo, darasa zima litajua anakokwenda, na watoto watamwandikia majibu ya kumpendeza. Aanze moja kwa moja na zoezi. Wanafunzi waandike herufi A hadi P, zote mfululizo, kisha chini yake waandike namba 1 hadi 16. Tumeishia herufi P kwa makusudi, maana inayofuata ni Q, nayo haimo katika alfabeti ya Kiswahili. Wanafunzi wengine huiruka, wengine huiandika, na ugomvi wake hula dakika tano.

Katika darasa kubwa haiwezekani kumpimia kila mtoto muda wake. Njia rahisi ni hii: mwalimu akisema “anza”, asimame ubaoni akiandika sekunde zilizopita kila baada ya sekunde tano, 5, 10, 15, na kuendelea, akiifuta ya kwanza na kuandika ya pili. Mwanafunzi amalizapo huinua macho na kunakili namba anayoiona pembeni mwa karatasi yake. Kosa la sekunde mbili tatu halidhuru.

Zoezi la pili lina herufi na namba zile zile, lakini sasa ziandikwe kwa kupokezana: A 1, B 2, C 3, hadi P 16. Kazi ni ile ile. Alama za kuandika hazikuzidi hata moja. Mwalimu apime muda kama mwanzo. Karibu darasa zima litaona kwamba muda umeongezeka, na wengi watakuta makosa, hasa kuanzia herufi H na kuendelea, ambapo mtoto hulazimika kuanza tena kuhesabu kimoyomoyo. Watacheka. Waachwe wacheke.

Kisha kila safu itafute wastani wa muda wa zoezi la kwanza na wa la pili, na mwakilishi auandike ubaoni. Hapo Hisabati imepata kazi ya kweli ya kufanya, nayo si mapambo. Watakuwapo wanafunzi wawili watatu ambao muda wao haukuongezeka, au hata ulipungua kwa sababu zoezi la kwanza liliwapasha mkono moto. Mwalimu asiyafiche majibu hayo wala asiwaambie kwamba wamekosea. Ayaweke ubaoni pamoja na mengine na kuwauliza wenzao sababu. Darasa moja tulilolitazama lilitumia robo saa kujadili kwa nini mtoto mmoja hakuchelewa, na ilidhihirika kwamba alikuwa ameiandika safu yote ya herufi kwanza kisha akarudi kuchomeka namba. Alikuwa amekataa kurukaruka. Hakuna maelezo ya mwalimu ambayo yangeweza kulifundisha jambo hilo vizuri zaidi.

Kipindi cha pili ni cha kusoma. Mwalimu achague ufahamu wa kurasa moja na nusu. Nusu ya darasa isome kwa utulivu. Nusu ya pili isome huku kiranja, kila baada ya dakika moja, akipita na kumgusa bega mwanafunzi mmoja mmoja na kumwuliza swali lisilo na maana, kama jana alikula nini. Kisha wote wajibu maswali yale yale sita. Ikiwa chumba ni kidogo mno kuwatenganisha, nusu moja isomee chini ya mti. Tofauti ya alama hapa haitakuwa kubwa kama ile ya zoezi la herufi, na pengine haitaonekana kabisa katika jaribio moja; mwalimu aseme hivyo bila ya kuona haya. Kinachotafutwa zaidi ni maelezo ya wanafunzi wenyewe: ilikuwaje kurudi kwenye mstari baada ya kujibu? Ulirudi mstari upi?

Ndipo sasa neno simu liingie, na kwa kawaida litaletwa na mwanafunzi kabla ya mwalimu. Hapo mwalimu awe mwangalifu. Zoezi hili halikuthibitisha kwamba simu ni mbaya. Limeonyesha kwamba kwenda na kurudi baina ya kazi mbili kuna gharama, nayo hutozwa na chochote kimwitacho mtu: simu, redio, mdogo wake aliaye, jirani agongaye mlango. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna simu janja asiachwe nje ya somo. Kazi ya nyumbani iwe hivi: kila mmoja aandike, kwa siku tatu za likizo, mambo yaliyomkatiza alipokuwa akisoma au akifanya kazi, na saa yalipotokea. Kutokana na orodha hiyo ajitungie kanuni yake ya saa moja tu ya siku ambayo hataruhusu kukatizwa, aandike ataiweka wapi simu ya nyumbani kama ipo, na nani amwombe msaada. Kanuni aliyojitungia yeye mwenyewe ndiyo pekee itakayokuwa naye atakapokuwa nje ya lango letu, mahali ambapo kanuni za shule hazimfikii.

Hoja hii ya likizo ina uzito. Tarehe 17 Machi 2020 shule zote za Tanzania zilipoanza kufungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, simu iliyokuwa haramu wiki moja kabla yake iligeuka kuwa shule yenyewe. Walimu walituma maandishi kwa WhatsApp. Waliokuwa na simu janja ya mzazi waliyapata, wengine walitegemea redio na televisheni, na wengi hawakupata kitu. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni na madarasa mengine tarehe 29 Juni. Simu zikawa haramu tena, na shule chache mno ziliwauliza watoto wamejifunza nini kwazo. Hivi leo Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, ambayo mwanafunzi wa bweni anaweza kuifikia katika chumba cha kompyuta, kama kipo na kinafanya kazi, au likizoni. Azimio la kazi la mwalimu mzuri litakuwa na safu ya likizo, itakayoonyesha sura za kusoma huko na njia mbadala kwa yule asiye na simu: kitabu cha kuazima, au mwenzake wa kijiji kimoja.

SIMU YA MWALIMU

Kama shule haina saa ya ukutani, mwalimu wa somo lile la herufi atapima sekunde kwa simu yake. Na apime. Lakini awaeleze wanafunzi ameitoa kwa kazi gani, aiweke mezani uso wake ukiwa chini, na amalizapo airudishe mahali pake mbele ya macho yao. Watoto wa bweni ambao hawajagusa simu kwa miezi mitatu huitazama simu ya mwalimu kama wenye njaa watazamavyo sahani. Hakuna tendo lake hata moja ambalo hawalioni. Mwalimu anayejibu ujumbe akiwa ameegemea ubao wakati wanafunzi wananakili amelifundisha somo jingine, na wamelielewa vizuri kuliko lile la ubaoni.

Tunapowakagua walimu wanafunzi katika mazoezi, siku hizi tunakuta wengi wameweka andalio la somo katika simu. Hulisoma hapo hapo mbele ya darasa, kidole kikipandisha na kushusha, na katikati ya hatua ya pili ujumbe wa mtu mwingine hutokea juu ya shabaha ya somo. Andalio linakiliwe katika daftari kwa mkono kabla ya kuingia darasani. Simu ibaki katika chumba cha walimu, ndani ya droo yenye ufunguo, na mwalimu wa zamu peke yake awe na simu yenye sauti, kwa ajili ya hospitali na wazazi.